Trautmann: Kipa aliyevunjika shingo akamaliza fainali

MNAMO Mei 5, 1956, watu wapatao 100,000 walifurika katika uwanja wa Wembley, London, kutazama fainali ya Kombe la FA kati ya Manchester City na Birmingham City. Zikiwa zimesalia dakika 17, City walikuwa mbele kwa mabao 3-1. Hapo mshambulizi wa Birmingham, Peter Murphy, akaufukuzia mpira uliokuwa ukielekea langoni, na kipa wa City akajirusha miguuni mwake ili kuudaka.

Mpira aliupata. Lakini goti la Murphy lilimgonga shingoni kwa kishindo, na kipa huyo akabaki amelala chini bila fahamu.

Kipa huyo alikuwa Mjerumani, Bernhard Carl Trautmann, ambaye Waingereza walimwita Bert. Aliinuka, akarudi langoni akipepesuka na kucheza hadi kipenga cha mwisho. Siku chache baadaye ilibainika kwamba alikuwa amecheza dakika hizo akiwa na shingo iliyovunjika.

Tangu siku hiyo kisa chake kimesimuliwa kama mfano wa ushujaa uwanjani. Ushujaa ulikuwepo, wala hakuna wa kuukana. Hata hivyo, anayeyachunguza maisha ya mwanasoka huyu kwa makini hugundua kwamba lililomwokoa siku ile halikuwa ujasiri wake wala ujuzi wa waliomhudumia. Aliokolewa na kipande kimoja cha mfupa kilichokwama mahali pazuri. Hilo ndilo linalofanya maisha yake yawe na fundisho kwa kila anayecheza au kusimamia kandanda hadi leo.

Mtoto wa bandarini

Trautmann alizaliwa Oktoba 22, 1923 katika mji wa bandari wa Bremen, kaskazini mwa Ujerumani. Babake alifanya kazi katika kiwanda cha mbolea karibu na bandari, na maisha ya familia hiyo hayakuwa rahisi, hasa uchumi wa nchi ulipoporomoka mwishoni mwa miaka ya 1920.

Alikuwa mtoto mwenye nguvu na aliyependa michezo ya kila aina. Alicheza kandanda na pia mpira wa mikono, mchezo uliomjengea mkono wenye uwezo wa kurusha mpira mbali na kwa shabaha. Baadaye mkono huo ulikuja kuwa silaha yake kuu.

Adolf Hitler alishika hatamu za uongozi mwaka 1933, Trautmann akiwa hajatimiza miaka 10. Kama ilivyokuwa kwa watoto wengi wa rika lake, aliingizwa katika chama cha vijana cha Wanazi, na akakua akiamini aliyofunzwa humo. Alianza kujifunza ufundi wa magari, kisha vita vikazuka. Mwaka 1941 alijiunga na jeshi la wanahewa, na hatimaye akawa askari wa miavuli.

Alipigana katika medani ya mashariki, dhidi ya Muungano wa Sovieti, na baadaye Ufaransa. Alitunukiwa nishani kadhaa, ikiwemo Msalaba wa Chuma. Uzeeni alisimulia kwamba akiwa Ukraine alishuhudia kwa macho yake Wayahudi wakiuawa kwa umati msituni, na kwamba jambo hilo halikumtoka akilini maisha yake yote.

Mwaka 1945, vita vilipokaribia kwisha, alitiwa mbaroni na wanajeshi wa Uingereza na kusafirishwa hadi nchini humo akiwa mfungwa wa kivita.

Kutoka kambini hadi langoni

Hatimaye alipelekwa katika kambi ya Ashton-in-Makerfield, Lancashire. Wafungwa waliruhusiwa kucheza kandanda, na Trautmann alizoea kucheza nje ya lango. Siku moja aliumia katikati ya mechi, na badala ya kutoka akabadilishana nafasi na kipa. Hakuondoka tena langoni. Yaani hata ukipa wake ulianza kwa jeraha na kwa kukataa kutoka uwanjani.

Alipopewa nafasi ya kurudishwa kwao mwaka 1948, alichagua kubaki. Alifanya kazi shambani, kisha katika kikosi cha kutegua mabomu yaliyosalia ardhini tangu wakati wa vita. Wakati huo huo alianza kuidakia klabu ndogo ya St Helens Town. Mashabiki walizidi kumiminika kumtazama, na hatimaye alimwoa bintiye katibu wa klabu hiyo.

Oktoba 1949 Manchester City walimsajili ili achukue nafasi ya Frank Swift, mmoja wa makipa mashuhuri zaidi katika historia ya Uingereza. Habari hizo ziliwasha moto. Vita vilikuwa vimekwisha miaka minne tu iliyotangulia, majengo yaliyoangushwa na mabomu ya Wajerumani yalikuwa bado magofu, na Manchester ilikuwa na Wayahudi wengi waliopoteza jamaa zao. Takriban watu 20,000 waliandamana mitaani kumpinga, na baadhi ya wenye tiketi za msimu wakatishia kuisusia klabu.

Wawili walisaidia kuutuliza moto huo. Wa kwanza alikuwa nahodha wa City, Eric Westwood, ambaye mwenyewe alikuwa amepigana Normandy. Alimkaribisha Mjerumani huyo hadharani na kusema kwamba katika chumba cha kubadilishia nguo hapakuwa na vita. Wa pili alikuwa Rabi Alexander Altmann, kiongozi wa kidini wa Wayahudi wa Manchester, ambaye wazazi wake waliuawa na Wanazi. Aliandika barua ya wazi akiwasihi watu wasimbebeshe mtu mmoja dhambi za taifa zima.

Januari 1950 City walicheza na Fulham jijini London, wengi wakitarajia wafungwe mabao mengi. Walishindwa kwa bao 1-0 pekee, kwa kuwa Trautmann alizuia mikwaju mingine yote. Mechi ilipokwisha, mashabiki waliokuwa wamemzomea walisimama wakampigia makofi, na wachezaji wa timu zote mbili wakajipanga mistari miwili kumpisha katikati.

Fainali mbili

Mwaka 1955 City walifika fainali ya Kombe la FA, na Trautmann akawa Mjerumani wa kwanza kucheza katika fainali hiyo. Walishindwa na Newcastle kwa mabao 3-1. Mwaka uliofuata walirudi Wembley wakiwa na kiu ya kulipiza kisasi.

Wakati huo City walicheza mtindo uliozoeleka kuitwa mpango wa Revie, kutokana na jina la mshambulizi wao Don Revie, aliyekuwa akirudi nyuma kuchukua mpira badala ya kungoja mbele. Mpango huo ulihitaji kipa asiyepiga mpira mbali ovyo, bali anayemrushia mwenzake kwa shabaha. Mkono uliokomaa kwa mpira wa mikono kule Bremen ukawa mwanzo wa mashambulizi ya City.

Siku chache kabla ya fainali ya 1956, waandishi wa habari za kandanda walimchagua kuwa mwanasoka bora wa mwaka wa Uingereza. Alikuwa kipa wa kwanza kutunukiwa heshima hiyo.

Katika fainali yenyewe, Joe Hayes aliifungia City mapema, Noel Kinsey akaisawazishia Birmingham, na katika kipindi cha pili Bobby Johnstone na Jack Dyson wakaongeza mabao mawili. Hapo ndipo Birmingham walipoanza kushambulia kwa nguvu zote, na hapo ndipo goti la Murphy lilipokutana na shingo ya Trautmann. Hakukuwa na nia mbaya. Wote wawili waliufuata mpira mmoja.

Mhudumu wa timu alikimbia uwanjani, akampa huduma aliyoijua enzi hizo, na Trautmann alipozinduka akasaidiwa kusimama. Sheria za wakati huo hazikuruhusu mchezaji wa akiba. Iwapo kipa angetoka, mchezaji mwingine angelazimika kuvaa glavu zake na City wangebaki kumi. Trautmann akarudi langoni.

Dakika zilizobaki alizicheza kama mtu aliye ndotoni, na baadaye alieleza kwamba hakuzikumbuka vyema. Hata hivyo alizuia mashambulizi mengine, na mara moja akagongana tena na mlinzi wa timu yake, Dave Ewing, akaanguka na kuhudumiwa upya. Mechi ilipokwisha mashabiki walimwimbia. Alipopanda ngazi kupokea nishani yake, shingo ilikuwa imepinda waziwazi, hata Mwanamfalme Philip, mumewe Malkia Elizabeth wa Pili, akaliona jambo hilo na kulitaja.

Usiku huo alihudhuria karamu ya ushindi. Alikuwa na maumivu makali na hakuweza kugeuza kichwa. Kesho yake alikwenda katika hospitali moja jijini London, akaambiwa kwamba shingo ilikuwa imekazana tu na ingejinyoosha yenyewe.

Maumivu hayakuisha. Siku chache baadaye, akiwa amerejea Manchester, daktari mwingine aliagiza apigwe eksirei. Picha zilionyesha kwamba pingili tano za shingo zilikuwa zimetoka mahali pake. Pingili ya pili ilikuwa imepasuka vipande viwili. Pingili ya tatu ilikuwa imejikita kama kabari dhidi ya ile ya pili, na kuizuia isiteleze zaidi.

Mauti yalivyompitia kando

Ili kuelewa uzito wa habari hiyo, yafaa tuutazame uti wa mgongo ulivyoumbwa. Shingo ya mwanadamu ina pingili saba, zilizopangwa moja juu ya nyingine. Katikati ya pingili hizo mna tundu, na ndani ya tundu hilo hupita ugwe laini unaotoka kwenye ubongo. Kutoka katika ugwe huo huchipuka mishipa ya fahamu inayoelekea mikononi, kifuani, tumboni na miguuni. Kila amri ya ubongo ya kutembea au kushika, na kila hisia ya joto au maumivu ya kiwiliwili, hupitia humo.

Mishipa inayoendesha msuli wa kiwambo, ule unaovuta pumzi, hutoka katika sehemu ya katikati ya shingo, kwenye usawa wa pingili ya tatu hadi ya tano. Ugwe ukikatika juu ya hapo, mtu hupooza kuanzia shingoni kwenda chini na pia hukosa uwezo wa kupumua mwenyewe. Pasipo msaada wa papo hapo, hufariki katika muda wa dakika chache.

Pingili ya Trautmann iliyopasuka ilikuwa ya pili. Kila aliporuka, kila alipogeuza kichwa, na hata wenzake walipomkumbatia kwa furaha, mifupa ile ingeweza kuteleza na kuukata ugwe. Ile kabari ya pingili ya tatu ndiyo iliyouzuia msiba huo. Hakuna aliyejua, na yeye mwenyewe hakujua.

Ni vyema kukumbuka kwamba enzi hizo elimu ya majeraha ya uti wa mgongo ilikuwa ikikua, tena katika nchi iyo hiyo ya Uingereza. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa mzaliwa mwingine wa Ujerumani, Dkt Ludwig Guttmann, bingwa wa mishipa ya fahamu. Guttmann alikuwa Myahudi, na mwaka 1939 aliukimbia utawala ule ule uliomlea Trautmann katika chama chake cha vijana. Februari 1944 alifungua kituo cha majeraha ya uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville.

Kabla yake, wengi waliopooza kwa kukatika ugwe waliachwa vitandani, wakafa kwa vidonda vya mgongoni na maambukizi ya njia ya mkojo. Guttmann alisisitiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa chache, wafanye mazoezi na wacheze michezo. Julai 29, 1948, siku ya kufunguliwa kwa Michezo ya Olimpiki ya London, aliandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde yaliyowashirikisha wanajeshi 16 waliolemaa. Kutokana na mashindano hayo madogo ilizaliwa Michezo ya Paralimpiki.

Hivyo basi, madaktari bingwa walikwisha kufahamu thamani ya kulinda shingo iliyoumia. Lakini ujuzi huo ulikuwa haujafika pembeni mwa uwanja wa kandanda, ambako mhudumu alitegemewa kuwa na ndoo ya maji na sifongo.

Msiba na kurejea

Trautmann alifungwa plasta iliyokishika kichwa na kiwiliwili pamoja, akauguzwa kwa miezi kadhaa. Kana kwamba hayo hayakutosha, wiki chache baada ya fainali mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka mitano, aligongwa na gari na kufariki. Baba ambaye Uingereza nzima ilimsifu kwa kuponea kifo akamzika mtoto wake akiwa bado na shingo isiyopona. Ndoa yake haikupona vizuri kutokana na pigo hilo, na mwaka 1972 ilivunjika.

Alirejea katika kikosi cha kwanza Desemba 15, 1956, dhidi ya Wolves, akafungwa mabao matatu. Kwa muda hakujiamini, na wako waliomshauri astaafu. Alivumilia, akarudia hali yake, na kuendelea kuidakia City hadi mwaka 1964, alipokuwa ameichezea mechi 545. Katika mechi ya kumuaga, Aprili 1964, zaidi ya watu 40,000 walijaa uwanjani Maine Road kumtazama akicheza katika kikosi kilichochanganya wachezaji wa City na mahasimu wao Manchester United, wakiwemo Bobby Charlton na Denis Law.

Hakuwahi kuichezea timu ya taifa ya Ujerumani Magharibi, ambayo haikuwateua waliochezea ng'ambo. Baada ya kuwa meneja wa Stockport County na kufunza klabu ndogo kwao Ujerumani, alijiunga na mpango wa nchi yake wa kukuza kandanda katika mataifa yanayoendelea. Alianzia Burma, na katika miaka ya 1970 akaja Afrika Mashariki, ambako alifanya kazi nchini Tanzania. Baadaye alifunza Liberia, Pakistan na Yemen, hadi alipostaafu mwaka 1988.

Ni mkondo ule ule wa makocha Wajerumani ambao Wakenya wanaufahamu kupitia marehemu Reinhard Fabisch, aliyeifikisha Harambee Stars katika fainali ya Michezo ya Afrika jijini Nairobi mwaka 1987.

Trautmann aliishi uzeeni mwake karibu na Valencia, Uhispania. Mwaka 2004 Uingereza ilimtunukia nishani ya OBE kwa mchango wake wa kupatanisha mataifa mawili yaliyokuwa maadui. Alifariki Julai 19, 2013 akiwa na umri wa miaka 89. Aliishi miaka 57 baada ya siku ambayo angeweza kufa Wembley.

Sheria zilivyojikokota

Kandanda ilichukua muda mrefu kujifunza kutokana na siku hiyo. Ligi ya Uingereza iliruhusu mchezaji mmoja wa akiba msimu wa 1965-66, tena kwa kuchukua nafasi ya aliyeumia pekee. Kombe la Dunia liliruhusu wachezaji wa akiba kwa mara ya kwanza mwaka 1970 kule Mexico.

Hata kuwepo kwa wachezaji wa akiba hakukuondoa tabia ya kumwachia majeruhi aamue mwenyewe. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2014, Mjerumani Christoph Kramer aligongwa kichwani dakika ya 17, akaendelea kucheza takriban robo saa, na akamwuliza mwamuzi kama mechi ile ndiyo fainali. Ndipo alipotolewa. Miaka 58 ilikuwa imepita tangu Trautmann acheze akiwa nusu ndotoni.

Katika kinyang'anyiro hicho hicho, Julai 4, nyota wa Brazil, Neymar, alipigwa goti mgongoni na mlinzi wa Colombia, Juan Zúñiga. Alianguka akilia kwa maumivu, akatolewa kwa machela na kukimbizwa hospitalini. Picha zilionyesha kwamba pingili ya tatu ya kiuno ilikuwa imevunjika. Mashindano yake yakaishia hapo, lakini hakupooza wala hakuhitaji upasuaji.

Desemba 2020 bodi inayotunga sheria za kandanda iliidhinisha majaribio ya kumbadilisha mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo, bila kuhesabiwa katika idadi ya kawaida ya mabadiliko. Mwaka 2024 utaratibu huo uliingizwa katika sheria za mchezo, na waandalizi wa mashindano wakaachiwa hiari ya kuutumia. Kama ungekuwepo mwaka 1956, Trautmann hangekuwa na sababu ya kurudi langoni.

Yatakiwayo kufanywa

Sheria za FIFA ni jambo moja. Jambo jingine ni uwanja wa shule au wa kijiji, ambako hakuna daktari, wala machela, wala ambulensi. Huko ndiko wengi wa wanasoka wetu huchezea, na huko ndiko mchezaji aliyeanguka kwa kichwa huvutwa mikono ainuke, humwagiwa maji, au hubebwa mzobemzobe na kupakiwa nyuma ya gari dogo akiwa amekunjwa kama gunia.

Kanuni ya kwanza ya wataalamu ni rahisi na haihitaji fedha. Mchezaji aliyepoteza fahamu baada ya kugongwa kichwani au shingoni achukuliwe kuwa ameumia shingo hadi hospitali ithibitishe vinginevyo. Vivyo hivyo kwa aliye na fahamu lakini analalamika maumivu ya shingo, ganzi, kuwashwa au udhaifu wa mikono ama miguu. Asiinuliwe, wala asiombwe ageuze kichwa ili aonyeshe kama anaweza.

Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa chake na kukishika kwa mikono miwili kisitikisike, huku mwingine akizungumza naye na kumtaka ajibu kwa sauti, si kwa kutikisa kichwa. Mwamuzi asimamishe mchezo, na msaada uitwe. Iwapo majeruhi hapumui, uhai hutangulia shingo: njia ya hewa ifunguliwe kwa kusukuma taya mbele pasipo kukunja shingo, na huduma ya kufufua moyo ianze. Akitapika, ageuzwe ubavu na watu kadhaa kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikienda kama gogo moja. Kumhamisha kufanywe na waliofunzwa, juu ya machela inayomshika mwili mzima.

Kuna pia jeraha la mishipa ya fahamu linalowasumbua wachezaji baada ya kugongwa begani au shingoni. Mkono mmoja huhisi kama umechomwa moto au kupigwa na umeme, kisha hulegea. Mara nyingi hali hiyo huisha baada ya dakika chache, na hapo ndipo mchezaji hushawishika kurudi uwanjani. Hapaswi kurudi kabla ya nguvu zote za mkono kurejea na shingo kugeuka pande zote bila maumivu. Dalili zikiwa katika mikono yote miwili, au zikifika miguuni, jambo hilo si la bega tena. Ni la uti wa mgongo, na mahali pake ni hospitalini.

Hapo pia kisa cha Trautmann kina onyo. Hata daktari anaweza kukosea anapomwona mtu ameingia kwa miguu yake mwenyewe. Kuweza kutembea si ushahidi kwamba shingo ni nzima. Mchezaji ambaye maumivu hayamwishi baada ya kugongwa ana haki ya kupigwa picha, na kocha wake ana wajibu wa kuhakikisha amepigwa.

Juu ya yote, uamuzi usiachwe mikononi mwa majeruhi. Mtu aliyegongwa kichwani ndiye asiyefaa kuulizwa kama anaweza kuendelea. Trautmann angeulizwa angesema ndiyo, kama alivyosema kwa vitendo. Hivyo ndivyo alivyolelewa, hivyo ndivyo vita vilivyomfunza, na hivyo ndivyo mashabiki walivyomtaka awe. Kijana wa miaka 16 anayecheza fainali ya wadi, babake akiwa pembeni na kijiji kizima kikilitaja jina lake, atasema ndiyo kama yeye.

Ni haki kuendelea kumsifu kipa yule wa Bremen, aliyeingia Uingereza akiwa adui na kuiaga akiwa mpenzi wa watu. Lakini anayemsifu na akumbuke pia kile kipande cha mfupa cha pingili ya tatu. Mchezaji mwingine, katika uwanja mwingine, huenda asiwe nacho.